Mng'ao ni Shahidi wa Mwisho: Kutambua Vipande vya Rivolva za Kale

Ndugu wakusanyaji, wenzangu wa makumbusho, na ninyi mliokuja kwa sababu mmerithi kopo la vyuma na hamjui mfanye nalo nini: habari za mchana, na asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Mada niliyopewa ni vipande vya rivolva za kale, yaani bastola zenye silinda, ile ngoma inayozunguka yenye vyumba vya risasi. Rivolva nzima haina shida kubwa, maana mara nyingi mtutu wake unalo jina la kiwanda na kazi ya kuitambua iko nusu tayari. Leo nazungumzia silinda iliyobaki peke yake, nyundo isiyo na fremu, kikingio cha kifyatulio kilichopinda, bamba la mpini, skrubu mbili tatu, na juu ya vyote hivyo mng'ao fulani ambao mwenye mali ameshaupa jina kabla hajanifikia. "Mzee, hii ni fedha." Au, "Hii ni nikeli ya kiwandani, tazama inavyowaka."

Hapo ndipo tunapotofautiana, na afadhali tutofautiane mapema. Kwangu mimi mng'ao ni shahidi wa kuitwa mwisho. Umbo la kipande lilikatwa kiwandani kwa mashine, na hakuna mtu anayehangaika kulibadilisha ili kipendeze. Baada ya umbo ninaangalia mihuri na namba, nikijua kwamba hivyo vinaweza kufutwa au kuongezwa. Kisha madini yenyewe. Ile ngozi ya juu, ya kuchovya, yaani tabaka jembamba la madini mengine, fundi yeyote mwenye beseni la kemikali na umeme kidogo anaweza kuibadilisha kati ya asubuhi na jioni, na mafundi wamekuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 19. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkusanyaji wa vipande angefaa kuubandika msemo huo juu ya meza yake.

Tuanze na silinda. Nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu hakuna kipande kingine cha rivolva kinachosema mengi kiasi hicho.

Igeuzeni mtazame nyuma yake, upande uliokuwa ukielekea nyundo. Mkikuta vyumba vya risasi vimezibwa kwa nyuma, na kila chumba kina chuchu ndogo ya chuma au tundu lenye hesi mahali chuchu ilipokuwa, hiyo ni silinda ya fataki, yaani kile kikofia kidogo cha kilipuzi kinachowasha baruti. Baruti na risasi viliingizwa kwa mbele, fataki ikavishwa kwenye chuchu, nyundo ikaipiga. Hii ndiyo familia ya Samuel Colt, aliyepata hataza yake ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, Februari 1836, na ya Robert Adams wa Uingereza, aliyepata yake 1851, na ya wengine wengi waliowafuata au kuwaiga.

Mkikuta matundu yamepita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, na kwenye ukingo wa nyuma kuna vijikato, kimoja kwa kila chumba, mmeshika silinda ya risasi za pini. Casimir Lefaucheux wa Paris alipata hataza ya mfumo huo 1835. Mwanawe Eugène akaleta rivolva yake 1854, na jeshi la majini la Ufaransa likaipokea 1858. Kile kijikato kilipitisha pini iliyochomoza ubavuni mwa ganda la risasi. Rivolva za namna hii zilitengenezwa kwa wingi mno Ubelgiji, Ufaransa na Hispania, nyingi zikiwa ndogo, zimenakshiwa na kuchovywa, kwa hiyo msishangae kuzikuta kila mahali.

Na mkikuta matundu yamepita huku ukingo ukiwa mzima, mmeingia kwenye zama za ganda la shaba kama tulijuavyo leo. Hapa sheria inatusaidia kupanga tarehe. Tarehe 3 Aprili 1855 Mmarekani Rollin White alipata hataza ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja. Smith & Wesson wakapata haki ya kuitumia, wakatoa rivolva yao ya kwanza 1857, na washindani wao Marekani wakabaki wamefungwa mikono hadi hataza ilipokwisha 1869. White mwenyewe ndiye aliyebeba mzigo wa kuwashtaki waigaji, na kesi hizo zilimla fedha nyingi. Akaomba aongezewe muda. Bunge la Marekani likakubali, Rais Grant akakataa Januari 1870. Ndiyo maana silinda ya Kimarekani iliyotobolewa mpaka nyuma, ikiwa si ya Smith & Wesson, kwa kawaida ni ya baada ya 1869, au ni ya mmoja wa wale waigaji walioburutwa mahakamani. Jihadharini pia na silinda za fataki zilizogeuzwa: miaka ya 1870 mwanzoni Colt na wengine walikata sehemu ya nyuma ya silinda za zamani ili zipokee ganda. Hizo huwa fupi kuliko zilivyozaliwa, na nyuma yake utaona alama za kazi ya pili.

Naomba nisimame kidogo kwenye usalama. Silinda ya fataki iliyojaa uchafu msiichokonoe kwa chuma, wala msiipashe moto, wala msiichovye kwenye kitu chochote ili "ilainike". Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi kwa uzee. Inaweza kuwaka baada ya zaidi ya miaka mia moja. Pimeni kina cha kila chumba kwa kijiti cha mbao, mkielekeza mdomo wake mbali na watu. Chumba kimoja kikiwa kifupi kuliko wenzake, acheni hapo hapo, mwiteni mtu wa silaha.

Sasa hesabuni vyumba. Sita ni kawaida, vitano ni vingi pia, hasa kwa Adams na kwa bastola za mfukoni. Saba vinawapunguzia orodha: vikiwa vidogo sana na silinda ni fupi, fikirieni Smith & Wesson namba 1 ya risasi ya .22, yaani ya kipenyo cha sehemu 22 za mia za inchi, vikiwa vya milimita 7.62 kwenye silinda ndefu, fikirieni Nagant ya 1895, iliyobuniwa Liège, Ubelgiji, kwa ajili ya jeshi la Urusi, ambayo silinda yake husogea mbele na kuukumbatia mtutu wakati wa kufyatua. Tisa, tena kukiwa na tundu kubwa katikati badala ya kijitundu cha ekseli, ni LeMat. Bastola hiyo ilikuwa na mtutu wa pili wa marisawa, na silinda ilizunguka juu ya mtutu huo. Mtu akikuletea silinda ya LeMat ndani ya kopo la misumari, mpe kiti kwanza.

Tazameni pia yale meno madogo katikati ya nyuma, yaliyosukumwa na kidole cha ndani ili silinda izunguke. Ukiitazama kwa nyuma, Colt kwa desturi huzunguka kufuata mishale ya saa, Smith & Wesson huenda kinyume chake. Meno yameinama upande mmoja, na upande huo unasema ni ukoo gani. Colt wenyewe waliivunja desturi yao kwenye modeli ya 1889 na zile zilizoifuata kwa karibu, kwa hiyo silinda ya Colt ya kufunguka ubavuni, yaani inayotoka kando ya fremu ili ijazwe, ikizunguka kinyume si ajabu. Na silinda ya fataki ya vyumba sita yenye ngazi, yaani mbele nene na nyuma nyembamba, ni dalili kubwa ya Colt Army ya 1860: walitaka risasi ya .44 ikae kwenye fremu ya ukubwa wa bastola ya .36, wakanenepesha mbele tu.

Mwisho kuhusu silinda, picha. Colt za fataki zilibanwa picha kwa rola ya feleji ngumu, kutoka kwenye kazi ya mchongaji Waterman Lilly Ormsby wa New York. Modeli ya mfukoni ya 1849 ina wizi wa gari la farasi. Walker ya 1847 na Dragoon zina mapigano ya askari wa Texas na wapiganaji Wahindi Wekundu. Navy ya 1851 na Army ya 1860 zina manowari za Texas zikipigana na za Mexico mbele ya bandari ya Campeche, Mexico, pamoja na tarehe, 16 Mei 1843. Kila mwaka kuna mtu anayesoma tarehe hiyo na kutangaza kwamba silinda yake ilitengenezwa 1843. Hapana. Ni tarehe ya vita.

Ninazipenda picha hizi kwa sababu nyingine pia. Hazina kina. Mkono wa mtumiaji na ngozi ya ala huzifuta taratibu, na gurudumu la kung'arishia huzifuta kwa dakika chache. Ukikuta silinda ya Navy inayong'aa kama kioo huku meli zimebaki vivuli, umeshajua kitu kuhusu ule mng'ao kabla hujauliza ni madini gani: mtu aliisugua silinda iliyochakaa, kisha akaichovya.

Mitutu na fremu nitazipita haraka, kwa kuwa mara nyingi zimeandikwa. Kinachowapotosha watu hapo ni tarehe za hataza. Remington ya fataki waliyoiita New Model Army ilianza kutengenezwa 1863, lakini mtutu wake una tarehe ya Septemba 14, 1858, ya hataza ya Fordyce Beals. Hadi leo dunia nzima inaiita "Remington 1858". Fremu ya Colt ya 1873 ina tarehe za 1871 na 1872. Tarehe ya hataza inakwambia kipande hakikutengenezwa kabla yake. Haikwambii zaidi ya hapo.

Mihuri ya ukaguzi ina manufaa makubwa zaidi, kwa sababu iligongwa na mamlaka ambayo haikuwa na haja ya kuuza chochote. Liège waligonga duara la yai lenye herufi ELG na nyota. Kuanzia Julai 1893 taji likaongezwa juu yake. Silinda yenye yai lisilo na taji, basi, ina ushahidi mzuri wa kuwa ya kabla ya hapo. Waingereza walikuwa na nyumba mbili za ukaguzi, London na Birmingham, na walikuwa na tabia ya kugonga alama kwenye kila chumba cha silinda, hivyo silinda ya Kiingereza huwa na alama nyingi zilizozunguka. Mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha ni mali iliyouzwa nje ya jeshi. Ujerumani ilianza kutumia herufi zenye taji miaka ya 1890 mwanzoni, baada ya sheria ya 1891.

Namba nazo zina mtego. Colt za fataki ziligongwa namba ya bastola kwenye fremu, mtutu, kikingio, bamba la nyuma la mpini, silinda, hata kabari inayoshika mtutu. Vipande viwili kutoka kopo moja vikiwa na namba moja, vifungeni pamoja na msivitenganishe tena. Lakini kwenye Smith & Wesson za kufunguka ubavuni, ile namba iliyojificha kwenye mkono unaobeba silinda mara nyingi ni ya mafundi wa kuunganisha tu; namba ya bastola iko chini ya mpini. Watu wamebishana miaka kwa sababu ya namba ambayo fundi aliigonga ili asichanganye trei zake.

Baada ya hapo, sumaku. Sumaku ndogo ya bei ndogo, iliyovishwa kitambaa ili isikwaruze. Inakwambia kama chini ya ule mng'ao kuna chuma au shaba ya njano, na jibu hilo lina uzito. Vikingio na mabamba ya mpini ya Colt za fataki zilizouzwa kwa raia yalikuwa ya shaba ya njano iliyochovywa fedha. Zilizokwenda jeshini kwa kawaida shaba iliachwa wazi. Colt walipofungua kiwanda London kati ya 1853 na 1857, bastola nyingi za huko zilipewa kikingio cha chuma. Smith & Wesson namba 1 za mwanzo zilikuwa na fremu ya shaba ya njano iliyochovywa fedha, mtutu na silinda vikitiwa buluu, ile rangi ya giza inayopewa chuma kisishike kutu upesi. Kwa hiyo bamba la Colt la fataki ambalo sumaku hailigusi, lenye mabaki meupe yaliyopiga weusi kwenye kona, lina kila haki ya kuwa lilivyozaliwa.

Sasa ndiyo tumefika kwenye mng'ao wenyewe.

Kuchovya kwa umeme kulianza kuwa biashara baada ya hataza ya akina Elkington wa Birmingham ya 1840, kwa fedha na dhahabu. Kabla yao dhahabu ilibandikwa kwa moto: inachanganywa na zebaki, inapakwa, kisha zebaki inafukuzwa kwa joto, na mvuke wake ukawaua mafundi wengi polepole. Nikeli ilichelewa. Rudolf Böttger alionyesha Ujerumani 1843 kwamba inawezekana, lakini kiwandani ilishika kasi baada ya hataza ya Isaac Adams wa Boston ya 1869. Kromu ikaja baadaye sana, katikati ya miaka ya 1920. Wekeni tarehe hizo tatu kichwani, 1840, 1869 na miaka ya 1920, mtakuwa mmeshinda mabishano mengi bila kupandisha sauti. Colt Navy ya miaka ya 1850 yenye nikeli inang'aa kwa sababu mtu aliichovya baadaye. Huenda ilikuwa 1875 na mwenyewe alikuwa na sababu nzuri. Bado si kazi ya kiwanda ya siku ilipouzwa mara ya kwanza. Na kipande chochote cha karne ya 19 chenye kromu kimevishwa nguo ya mjukuu wake.

Kutofautisha kwa macho kunawezekana mkiweka kipande karibu na dirisha, mbali na taa ya rangi, juu ya karatasi nyeupe. Nikeli ina umanjano kidogo, joto fulani ndani ya weupe wake, na ikizeeka hupata ukungu wa maziwa. Kromu ni baridi, ina ubuluu. Fedha ndiyo nyeupe kuliko zote ikisafishwa, lakini hewa yenye salfa huigeuza kahawia kisha nyeusi, na weusi huo hujikusanya kwenye pembe na ndani ya nakshi. Chuma kilichosuguliwa tu, bila kuchovywa, ni kijivu, na kutu yake husambaa sawasawa. Nikeli haifanyi hivyo. Inapasuka, unyevu unaingia chini yake, kutu inatambaa gizani, kisha ganda linabanduka vipande vipande na kuacha kingo kali unazoweza kuzihisi kwa ukucha. Ikishachubuka, chuma kilicho wazi kinaliwa haraka kuliko kama nikeli isingekuwepo. Wengi huona vibanduko vile kama aibu. Mimi nikiviona nafurahi, maana ukingo wa kibanduko unanionyesha unene wa nikeli na kilichoko chini yake.

Kilichoko chini ndicho tunachokitafuta. Tafuteni mahali gurudumu la kung'arishia lisipofika: ndani ya mifereji ya silinda, chini ya mabamba ya mpini, shingo za matundu ya skrubu, mizizi ya herufi. Kiwanda kilisugua chuma kipya chenye kingo kali na nyuso bapa, kisha kikachovya. Aliyerudia kazi miaka arobaini baadaye alisugua chuma kilichoshambuliwa na kutu, na gurudumu lake likamlegezea kila kitu: kingo zikawa mviringo, midomo ya matundu ya skrubu ikabonyea kama vijibakuli, herufi zikanyong'onyea upande mmoja. Na kuna ushahidi mmoja ambao sijawahi kuona wakili wa kuupinga. Ni vishimo vya kutu vyenye nikeli inayong'aa chini yake. Kutu ilitangulia, nikeli ikafuata. Kiwanda hakichovyi chuma kilichooza.

Kwa Smith & Wesson za zamani kuna kanuni nzuri zaidi. Zilizotoka kiwandani na nikeli, nyundo na kifyatulio havikuchovywa. Vilibaki na rangi za ugumushaji, yale mawingu ya buluu, kahawia na kijivu yanayotokana na kuchoma chuma pamoja na makaa ya mifupa na ngozi. Na kwenye zile zinazovunjika juu, yaani zinazokunjuka ili zijazwe risasi, kikingio kilitiwa buluu. Nyundo ya Smith & Wesson ya zamani inayometameta nikeli tupu imepitia mkono wa pili, karibu kila mara. Rangi za ugumushaji zenyewe hufifia kwa mwanga, kwa hiyo nyundo ya kijivu msiihukumu. Chunguzeni sehemu iliyokuwa imefichwa ndani ya fremu. Kiwanda chenyewe kilipokea bastola zilizorudishwa ili zichovywe upya, na mara nyingi kikaacha nyota karibu na namba na herufi ndogo kwenye chuma cha mpini chini ya bamba. Kazi hiyo ni ya kiwanda, ila si ya kuzaliwa.

Wekundu wa shaba unaochungulia mahali nikeli ilipolika nao unazua mabishano. Wapo wanaoapa kwamba shaba nyekundu chini ya nikeli ni hukumu tosha ya kazi ya baadaye. Mimi nauhesabu kuwa dalili, nauweka kando ya vishimo na herufi zilizolegea, nasubiri. Karakana za kuchovya zilipenda kutanguliza shaba ili nikeli ishike vizuri juu ya chuma kibovu, ndiyo maana dalili hii huambatana na zile nyingine.

Mkiwa na njia ya kufika kwenye makumbusho au chuo chenye kifaa cha eksirei cha kusoma elementi, kitumieni. Hakikwaruzi wala hakitoi sampuli, na kwa sekunde chache kinasema kama ni fedha, nikeli, kromu au bati. Kwenye dhahabu kinaweza kuonyesha mabaki ya zebaki, na hapo mnajua ni dhahabu ya moto. Tindikali ya sonara iacheni kwa sonara. Doa lake halitoki.

Nakshi inastahili hotuba yake, nitaigusa tu. Mchongaji alifanya kazi kabla ya kuchovya, kwa hiyo mng'ao unapaswa kushuka hadi chini ya kila mfereji. Mfereji ukiwa umekata ngozi ya nikeli na kufichua chuma kikavu, nakshi ndiyo iliyofuata. Mkono wa mchongaji una tabia kama mwandiko: Gustave Young, aliyefanyia kazi Colt kisha Smith & Wesson, ana majani yake; Louis Daniel Nimschke wa New York aliacha kitabu kizima cha nakala za kazi zake, alizozichukua kwa masizi na karatasi, na ni bahati kubwa kwetu. Eibar, Hispania, Plácido Zuloaga na mafundi wenzake walipigilia uzi wa dhahabu kwenye chuma kilichokwaruzwa kwa makusudi. Hiyo si kuchovya hata kidogo. Ikibanduka inatoka uzi, na chini yake mnaona mikwaruzo midogo iliyopishana.

Bamba la mpini la meno ya ndovu litambulikane kwa mistari inayopishana kwenye uso uliokatwa kwa upana, na liandikwe kwa uangalifu, kwa kuwa biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali tangu uamuzi wa 1989 wa nchi za mkataba wa CITES. Ya mpira mgumu huwa na nembo: bundi wa Iver Johnson, duara la shabaha la Harrington & Richardson. Hizo mbili peke yake zimejibu maswali mengi ya makopo ya urithi.

Kuhusu kusafisha, nawaomba uvivu. Mafuta mepesi, kitambaa laini, basi. Brashi ya waya inakula ushahidi niliokuwa nauzungumzia. Vimiminika vyenye amonia, vinavyouzwa kuondoa shaba ndani ya mitutu, hupita kwenye ufa wa nikeli na kuila shaba iliyotangulizwa chini, kisha ganda lote linainuka. Na weusi wa fedha hautakula kipande. Atakayeung'oa kwa dawa ya kung'arisha ataondoka na fedha yenyewe, ambayo tangu mwanzo ilikuwa nyembamba.

Nakala ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya Italia, karibu na Gardone Val Trompia, vimetengeneza Colt na Remington za fataki kwa wingi, na baadhi zimeshazeeka vya kutosha kudanganya. Tafuteni herufi PN, kifupi cha Kiitaliano cha baruti nyeusi, nyota juu ya ngao, na kisanduku kidogo chenye tarakimu za Kirumi au herufi mbili za mwaka. Mahali hapo pakiwa pamesuguliwa pakalala, ulizeni ni nini kilichosuguliwa.

Sheria, kwa ufupi. Kipande kimoja kinaweza kuhesabiwa kuwa silaha. Marekani ni fremu inayobeba uzito huo, na kilichotengenezwa 1898 au kabla huangukia kundi la vitu vya kale. Umoja wa Ulaya huihesabu silinda pia kuwa sehemu muhimu ya silaha. Kwa hiyo ulizeni mamlaka ya mahali mlipo kabla ya kununua, kuuza au kutuma kwa posta, na muulize kwa maandishi.

Kwenye lebo andikeni mlichokiona kabla ya mnachokidhani. "Silinda, vyumba sita, fataki, yenye ngazi, picha ya meli imefifia, sumaku inashika, ngozi nyeupe yenye umanjano juu ya vishimo vya kutu." Chini yake, kwa penseli, "Inaelekea Colt 1860, nikeli ya baadaye." Atakayekuja baada yenu anaweza kufuta penseli akawa na sababu, na bado maelezo ya juu yatamfaa.

Naona mmekuja na mifuko. Wenye silinda za fataki waanze, na wazilete zikiwa zimefungwa. Kijiti cha mbao ninacho mimi.